UCHAMBUZI: Nani Ameikagua Kamba Inayomshusha Mwokoaji Kisimani?

Wananchi wanaofuatilia taarifa za Jeshi la Zimamoto na Uokoaji nchini wamezoea habari za aina moja zinazojirudia mwaka hadi mwaka: mtoto ametumbukia katika kisima kilichoachwa wazi, fundi amekwama ndani ya shimo la choo alilokuwa akilichimba, mchimbaji mdogo amefukiwa na kifusi. Taarifa hizo hueleza eneo la tukio, muda ambao simu ilipokelewa, idadi ya askari waliofika na hali ya aliyeokolewa. Ni nadra zikataja kifaa kilichomshusha mwokoaji na kumrudisha juu. Kifaa hicho ni kamba. Swali linalofaa kuulizwa na kila anayefuatilia utendaji wa taasisi za umma ni jepesi kulitamka: kabla askari hajaikabidhi kamba hiyo uhai wake, nani aliikagua, lini, na aliandika wapi?

Uzito wa swali hilo unatokana na tabia ya kamba yenyewe. Gari la zimamoto likiharibika hutoa ishara: injini haiwaki, pampu haivuti maji, tairi limeisha. Mpira wa maji ukitoboka huvuja mbele ya macho ya watu. Kamba haina ishara ya namna hiyo. Inaweza kupoteza sehemu kubwa ya nguvu zake ikiwa imetundikwa ghalani, rangi yake ikiwa bado inang'aa, na askari akaishika bila kuhisi tofauti yoyote. Tena, hakuna kipimo cha kituoni kinachoweza kutaja nguvu iliyobaki bila kuikata kamba yenyewe. Kamba iliyothibitishwa kwa kuvutwa hadi ikatike haina kazi tena. Kwa hiyo mamlaka ya zimamoto popote duniani hubakiwa na nyenzo mbili tu za kuijua kamba yake, nazo ni mkono wa mkaguzi na kumbukumbu iliyoandikwa kwa uaminifu.

Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, Namba 14 ya mwaka 2007, ndiyo iliyoweka huduma hii chini ya jeshi moja la kitaifa katika Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, baada ya miaka mingi ya huduma za zimamoto kuendeshwa na halmashauri za miji. Neno "uokoaji" katika jina hilo halikuwekwa kwa ajili ya kupamba. Lilipanua kazi ya askari kutoka kumwagia moto maji hadi kuingia visimani, mashimoni, mitoni, katika majengo yaliyoporomoka na kwenye kuta za ghorofa. Katika kazi hizo nyingi maji hayahitajiki kabisa, ila kamba haikosekani.

Kwa Mtanzania, kamba ina historia ya karibu. Mkonge uliletwa nchini mwaka 1893 na Dkt. Richard Hindorf, na inaelezwa kuwa ni miche 62 tu iliyosalimika safari ya kutoka Florida, Marekani. Kutokana na miche hiyo nchi ilifikia kuzalisha zaidi ya tani 200,000 za katani kwa mwaka katika miaka ya 1960, ikiongoza duniani. Kamba za katani zilifunga shehena bandarini, zikavuta majahazi na kuteka maji visimani. Hata zimamoto za mataifa mengi zilianza na kamba za nyuzi za mimea. Lakini uzi wa mmea ni mfupi. Kamba ya mita 50 hutengenezwa kwa vipande vingi vifupi vilivyosokotwa pamoja na kushikana kwa msuguano. Ikilowa na kukaushwa vibaya huanza kuoza kutoka ndani, mahali ambapo jicho halifiki. Katani inabaki kuwa zao lenye heshima na soko lake. Kumning'iniza binadamu si kazi yake tena.

Mitaani hali ni nyingine. Kamba ambayo wananchi wengi huiita "manila" imechukua jina la mji mkuu wa Ufilipino, ambako kamba ngumu za nyuzi za mmea wa abaka zilisafirishwa kwenda duniani kote. Jina limebaki, kitu kimebadilika: inayouzwa leo madukani kwa jina hilo mara nyingi ni ya plastiki. Inaelea majini, haiozi na bei yake ni ndogo, hivyo inafaa sana kwa kuanikia nguo, kufungia mizigo na kuvulia samaki. Hata hivyo, plastiki ya aina ya polipropilini huyeyuka kwenye joto la takriban nyuzi 165 za Selsiasi, na jua la mchana huila mwezi baada ya mwezi hadi nyuzi zake zikageuka unga mkononi. Kamba iliyokaa juani miaka miwili ikizuia turubai la kibanda haipaswi kamwe kufungwa kiunoni mwa mtu.

Kamba za uokoaji za leo hutengenezwa kwa nailoni au poliesta, na muundo wake una sehemu mbili. Ndani kuna kiini cha nyuzi ndefu zisizokatika kutoka ncha hadi ncha, na kiini hicho ndicho hubeba sehemu kubwa ya uzito. Nje kuna ganda lililofumwa kwa kubana, ambalo hukikinga kiini dhidi ya mchanga, jua na mikwaruzo. Muundo huo una faida kubwa na hila moja: ganda linaweza kubaki zuri ilhali kiini kimeumia.

Hatari hiyo ilikuja kujadiliwa duniani kwa gharama ya maisha. Tarehe 27 Juni, 1980, katika jengo lililokuwa likiungua eneo la Harlem, New York, askari mmoja wa zimamoto alizingirwa na moto dirishani. Mwenzake alishushwa kwa kamba kutoka paani ili kumchukua. Alipomkumbatia na uzito wa wote wawili ukaingia kwenye kamba, ilikatika, nao wakaanguka na kufariki dunia. Hakuna aliyekosa ujasiri siku ile, na utaratibu wa kumshusha mwokoaji ulikuwa ukifahamika. Kilichokosekana, nchini humo kwa jumla, ni kiwango kilichoandikwa cha kusema kamba ya kubeba uhai wa mtu iwe ya namna gani, ipimwe vipi na iondolewe lini kazini.

Kiwango hicho kilitolewa mwaka 1985 na Chama cha Taifa cha Kinga dhidi ya Moto cha Marekani, kikajulikana kwa namba 1983. Hesabu yake ya awali inaeleweka hata na asiye mhandisi. Mtu mmoja mwenye mavazi na vifaa vyake alikadiriwa kuwa na kilo 136, na kamba ikatakiwa kuhimili mara 15 ya uzito huo, yaani takriban kilo 2,040. Kwa mzigo wa watu wawili kiwango kilikuwa takriban kilo 4,080. Toleo hilo la kwanza lilikuwa kali kiasi cha kutaka kamba iliyotumika mara moja katika uokoaji wa kweli isirudi tena kwenye kazi hiyo. Matoleo yaliyofuata yalilegeza sharti hilo na kuruhusu matumizi ya kurudia, mradi kamba imekaguliwa na kuonekana haina dosari. Kwa maneno mengine, ukaguzi ulichukua nafasi ya ununuzi wa kila mara. Ni nafuu kubwa kwa bajeti ya nchi yoyote, lakini nafuu hiyo ni halali pale tu ukaguzi unapofanyika kweli.

Mlipakodi anaweza kuuliza kwa nini ziwe mara 15, wakati hata mara tatu ingeonekana kutosha. Jibu lipo katika mambo yanayopunguza nguvu ya kamba kabla haijafika kisimani. Fundo peke yake, hata likifungwa na mtaalamu, hupunguza nguvu ya kamba kwa takriban robo hadi theluthi, kwa sababu nyuzi za upande wa nje wa mkunjo huvutwa zaidi huku za ndani zikibanwa. Nailoni ikilowa hupungua tena kwa takriban asilimia 10 hadi 15. Ukingo mkali wa zege huweka uzito wote kwenye sehemu ndogo sana ya ganda. Mwokoaji akiteleza na kuanguka mita moja kabla kamba haijakaza, nguvu inayofika kwenye fundo huwa kubwa mara kadhaa kuliko uzito wake. Kisha kuna umri, jua na historia ambayo pengine haikuandikwa. Mambo hayo huja kwa pamoja, na mara 15 ndiyo akiba inayoyameza yote.

Mafundo yenyewe hayana haja ya kuwa mengi. Askari anayefahamu mafundo sita kwa uhakika, gizani, akiwa amevaa glavu, huku king'ora kikilia na umati ukipiga kelele, ni bora kuliko anayefahamu 30 akiwa darasani. Fundo linalotegemewa zaidi ni lile la nane, lililopewa jina kwa umbo la tarakimu 8. Sifa yake kuu ni kwamba mwenzako anaweza kulitazama kwa tochi na kujua mara moja kama limekosewa, kwani mistari yake hukaa sambamba na kosa lolote huvunja usambamba huo. Ndiyo maana katika mafunzo husisitizwa kwamba aliyefunga fundo asiwe yeye pekee aliyelikagua. Ncha inayobaki nje ya fundo nayo iwe ndefu ya kutosha ili isichomoke fundo linapojikaza. Lipo pia katazo ambalo wengi hulisahau: kamba ya nailoni isipite juu ya kamba nyingine ya nailoni iliyosimama, kwani msuguano wa mahali pamoja huyeyusha nyuzi katika muda mfupi. Panapokutana kamba mbili, kiwekwe kiungo cha chuma kati yake.

Kuhusu ukaguzi, kazi yenyewe haihitaji mtambo. Kamba huoshwa kwa maji safi na sabuni isiyo kali, hukaushwa kivulini penye hewa, kisha hupitishwa vidoleni sentimita kwa sentimita kutoka ncha moja hadi nyingine, bila glavu. Mkaguzi huikunja kamba kidogo kila hatua. Panapokunjika kupita kiasi kama mrija mtupu, kiini kimekatika au kimehama. Penye uvimbe au pembamba kuliko kwingine pana tatizo hilohilo. Sehemu ngumu yenye mng'ao kama kioo ni alama ya joto. Doa lisiloeleweka lichukuliwe kuwa kemikali hadi ithibitike vinginevyo, na hapa kuna adui anayekaa karibu sana na zimamoto: tindikali ya betri za magari. Nailoni huharibiwa na tindikali hiyo, tena hata mvuke wake si wa kupuuzwa, ilhali katika vituo vingi duniani kamba huhifadhiwa palepale gari linapoegeshwa na betri kuchajiwa. Mfuko wa kitambaa na rafu iliyo mbali na betri, mafuta na jua ni matumizi madogo yenye faida isiyolingana na bei yake.

Baada ya vidole ni kalamu. Kila kamba inapaswa kuwa na namba yake na kadi yake: tarehe ya kutengenezwa, tarehe ya kuanza kazi, kila tukio ililotumika, kila mara ilipopata mshtuko wa kuanguka kwa mtu au mzigo, kila ukaguzi na jina la aliyekagua. Watengenezaji wengi huweka ukomo wa miaka kumi hata kwa kamba ambayo haijatoka kwenye mfuko. Kadi isiyo na maandishi ina maana moja tu kwa mkaguzi makini, nayo ni kwamba kamba hiyo haijulikani, na kamba isiyojulikana huhesabiwa kuwa mbovu.

Katika yote haya, jaribu kubwa zaidi ni la uhaba. Kituo chenye kamba mbili na kazi kumi kitashawishika kuitumia kamba ya uokoaji kupandisha mpira wa maji ghorofani, kufunga ngazi juu ya gari, au kuvuta gari lililonasa kwenye tope. Jioni kamba hurudishwa mfukoni, imefutwa vizuri, na hakuna aliyeandika. Kesho inamshusha mtu. Kanuni ya kutenganisha kamba za kazi na kamba za uhai, kwa rangi au kwa alama isiyofutika, ni ya zamani na haina gharama ya kutaja. Aghalabu huvunjwa na watu wema wenye haraka, wala si wazembe. Dawa yake ni kununua kamba za kazi za kutosha, kwa sababu kamba ya kazi ikipatikana kwa wingi hakuna atakayeigusa ile nyingine.

New York iliwahi kutoa pia somo la upande wa pili. Tarehe 23 Januari, 2005, katika eneo la Bronx, askari sita wa zimamoto walizingirwa na moto katika ghorofa ya nne wakalazimika kuruka madirishani. Wawili walifariki na wanne walijeruhiwa vibaya. Miaka michache kabla, idara yao ilikuwa imeacha kuwapatia askari kamba binafsi za kujiokoa. Mmoja wao alikuwa na kamba aliyojinunulia, na ndiyo iliyopunguza anguko lake na la mwenzake. Baada ya msiba huo idara ilianza kugawa kamba binafsi na vifaa vyake kwa askari wake. Mtu angeweza kudhani, baada ya ukali wa viwango vya mwaka 1985, kwamba usalama ni kuondoa kila kamba yenye shaka. Tukio la Bronx linaonyesha kuwa kamba iliyoondolewa bila kurudishiwa nyingine nayo huua. Hapa ndipo afisa bajeti na mkaguzi wanapokutana: mamlaka ya kuikataa kamba hayana maana ikiwa askari anayeikataa anajua fika kwamba ya kuchukua nafasi yake haitakuja. Atanyamaza, na ni vigumu kumlaumu.

Kwa muktadha wa Tanzania, ambako kazi ya kamba hukutana zaidi na kisima kuliko dirisha la ghorofa ya nne, mambo machache ya mahali pa tukio yanastahili kujulikana hata na raia. Mdomo wa kisima cha zege ni msumeno kwa kamba iliyobeba uzito. Waokoaji huweka kinga ukingoni, na kipande cha mpira wa maji uliochakaa, kikipasuliwa kwa urefu, hufanya kazi hiyo vizuri kabisa. Mahali pa kufungia nako kuna hesabu yake. Mzigo ukining'inizwa katikati ya miti miwili, nao ukazifungua kamba mbili kwa pembe ya nyuzi 120, kila mti hubeba uzito wote kamili wala si nusu. Pembe ikizidi hapo, kila mti hubeba zaidi ya uzito wenyewe. Umati unaovuta kwa nia njema, kila mmoja kutoka upande wake, huweza kuunda pembe hiyo bila kujua.

Hatari kubwa zaidi, hata hivyo, haiko kwenye kamba. Visima virefu na mashimo ya vyoo huweza kuwa na gesi zinazoua au hewa isiyo na oksijeni ya kutosha, na hapo ndipo vifo hufuatana: wa kwanza anazimia, jirani anashuka kumfuata, ndugu anamfuata jirani. Kamba nzuri kuliko zote haimsaidii mtu anayeshuka bila mtungi wa hewa. Mwananchi anayefika kwanza ana kazi nyingine, tena yenye manufaa zaidi: kupiga simu namba 114 bila malipo, kueleza mahali penye alama inayotambulika, kukadiria kina cha shimo na kama kuna maji, kuwaondoa watu ukingoni ili udongo usiporomoke, na kuendelea kuzungumza na aliye chini. Akiwa na fahamu anaweza kuteremshiwa kamba ya kushika au dumu tupu la kuelea. Mtu asishushwe.

Kwa upande wa Serikali, taarifa za ununuzi wa magari na mitambo ya zimamoto hupokewa kwa furaha, na kwa haki, kwani vifaa hivyo vinahitajika. Hata hivyo, zabuni ya kamba ina maswali yake ambayo hayajibiwi kwa picha ya makabidhiano: cheti cha kiwango kilichofikiwa, tarehe ya kutengenezwa, idadi ya kamba za kazi kwa kila kamba ya uhai, na fungu la kila mwaka la kubadilisha zilizokataliwa. Jeshi hili limepewa kisheria mamlaka ya kukagua majengo ya watu na kudai kumbukumbu za vifaa vyao vya kuzimia moto. Mwenye hoteli anayeonyeshwa kuwa mtungi wake umepita tarehe hana hoja ya kujitetea. Jicho hilohilo, na ukali uleule, ndivyo vinavyotarajiwa katika ghala la kituo, ambako kamba iliyokataliwa inapaswa kukatwa vipande vifupi siku hiyohiyo ili isije ikaokotwa na mtu akadhani bado ni nzima.